Mume wangu kawekewa mashine ya Parkinson: mikono imetulia, tabia imebadilika. Kuna aliyepitia hili?

MamaWaTandika

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili nikilikata nusu halitaeleweka, na huku mtaani kila ninayemweleza ananiambia nimshukuru Mungu. Namshukuru. Lakini bado nina swali.

Mume wangu ni fundi saa. Amekaa Kariakoo na kimeza chake cha kioo tangu watoto wetu hawajazaliwa, na wateja wake wengine ni wajukuu wa wateja wake wa kwanza. Mnaoijua kazi ya saa mnajua inataka mtu wa namna gani. Skrubu nyingine ukiidondosha sakafuni ndiyo basi tena. Alikuwa anaweza kukaa na saa moja ya mkono tangu anafungua mpaka adhana ya adhuhuri, lenzi jichoni, kibano mkononi, hasemi neno. Nyumbani vilevile. Katika ndoa yetu msemaji ni mimi, yeye ni msikilizaji, na akitamka jambo ujue amelipima siku nzima.

Parkinson ilimwanzia mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vikawa vinasuguana vyenyewe kama anavuta tasbihi. Baadaye mwandiko ukawa mdogo mpaka risiti zake hazisomeki, mguu ukaanza kuburuzika, sauti ikashuka. Muhimbili walimwanzishia levodopa, ikamsaidia miaka mingi, lakini mwishoni dawa ikawa inakata kabla ya saa ya kumeza nyingine. Anaganda katikati ya barabara na bajaji zinampigia honi. Au dawa ikikolea, mwili unajinyonganyonga wenyewe. Kimeza akakifunga. Siku aliyorudi nyumbani na sanduku lake la vifaa ndiyo siku niliyomwona akilia.

Ndugu wakachanga, tukauza kiwanja cha Chanika, tukaenda India kwa ile operesheni ya DBS, ya kumwekea mtu waya wa umeme ndani ya ubongo. Alitobolewa fuvu akiwa macho. Daktari alikuwa anamwambia fumba kiganja, fumbua, huku wakitafuta mahali pa kuuacha waya. Nyaya zinapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, zinashuka shingoni hadi kwenye betri iliyozikwa chini ya mtulinga. Ukimgusa kifuani unaisikia. Walipoiwasha, mkono ulitulia palepale. Nililia mbele za wageni. Operesheni ile sitaisema vibaya hata siku moja.

Sasa tatizo lenyewe, ambalo halikuja siku ya kwanza.

Tulivyorudi akaanza kuamka saa nane za usiku. Anasema usingizi ni wa wagonjwa. Akafungua tena kimeza Kariakoo, tukafurahi wote. Kisha akaanza kununua saa mbovu kwa wauza mitumba na kwa vijana wa vyuma chakavu, mifuko kwa mifuko, na zote anazifungua. Ukiingia nyumbani kwangu sasa hivi utakuta meza ya kulia imejaa saa zilizopasuliwa matumbo: za ukutani, za mkono, hata ile ya kengele ya marehemu mama yangu ambayo haikuwa mbovu. Springi huku, mishale huku, vigurudumu kwenye visosi vyangu vya chai. Hakuna hata moja iliyorudishwa. Juzi nilisimama mlangoni nikamtazama. Aliokota skrubu kwa kibano, akaitia kwenye tundu lake mara moja tu, mkono hautikisiki kabisa. Kitu alichokuwa hakiwezi tena! Kabla hajaikaza akaiacha, akavuta saa nyingine, akaanza kuifungua.

Halafu simu. Mtu aliyekuwa anawafukuza vijana wanaobeti mbele ya kimeza chake, leo anabeti yeye, mechi za nchi ambazo majina yake hawezi kuyatamka. Pesa ya kikoba niliyoiweka kabatini nimeikuta haipo, na nilipomuuliza hakuona haya, alinijibu kama ninamuuliza nauli. Amechukua friji la pili kwa mkopo. Anaongea mpaka wageni wanaaga. Msikitini alimkatiza shehe katikati ya darsa. Mkwe wetu alimtolea maneno mbele za watu, kijana aliyetusaidia kuliko wote. Na ya chumbani sitayaandika hapa, wanawake watu wazima mtanielewa. Kila usiku ni ugomvi.

Na anafurahi. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Anasema hajawahi kujisikia mzima namna hii tangu ujana wake. Nikimwambia umebadilika ananijibu, "Kwa hiyo mnataka nirudi kutetemeka ndiyo mfurahi?" Sina jibu. Wifi yangu anasema kuna jini limeingia na ule waya. Mwanangu wa kwanza anasema nimwache baba ale maisha. Binti anasema tumrudishe India.

Naomba kujua: hii ni mashine, ni dawa, au ni yeye mwenyewe alikuwa hivi siku zote, ugonjwa na upole vikamfunika? Na ile rimoti tuliyopewa, nikiizima usiku ili alale kuna ubaya? Kule hospitali walitueleza habari za damu kuvuja kichwani na kidonda kuingia vijidudu. Ya tabia hakuna aliyeyagusa.

MfamasiaTemeke

Shikamoo mama. Pole sana, na umefanya vizuri kuandika kwa urefu, umetaja mambo ambayo kliniki wangehitaji muda mrefu kukuchimba. Mimi ni mfamasia, si daktari wa ubongo, kwa hiyo haya yachukue uende nayo kwa daktari.

Rimoti naomba uiweke kabatini. Mashine ikizimwa ghafla usiku anaweza kukakamaa asiweze hata kujigeuza kitandani, hasa kama dawa zake zilishapunguzwa kwa kuitegemea hiyo mashine. Vilevile usimfiche dawa. Levodopa ikikatwa kwa mkupuo inaweza kuleta homa kali na misuli kukaza kiasi cha kuhatarisha maisha.

Swali lako la mashine au dawa: inaweza kuwa vyote viwili kwa pamoja. Waya mara nyingi huwekwa kwenye kiini kilicho chini ya thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, kila upande, na kiini chenyewe urefu wake haufiki sentimita moja na nusu. Ndani ya nafasi hiyo ndogo kuna sehemu inayohusika na mwendo, nyingine na fikra, nyingine na hisia, na zimepakana. Waya wenyewe una vituo vya kutolea umeme, vinne kwa zile za kawaida. Daktari ndiye anachagua kitumike kituo kipi, kwa nguvu gani, na mapigo mangapi kwa sekunde, ambayo kwa kawaida huwa kama 130. Umeme ukisambaa upande wa hisia, mtu anaweza kuchangamka kupita kiasi, akakosa usingizi, akatapanya pesa, akawa mkali. Kubadilisha kituo au kupunguza nguvu kidogo kunaweza kumtuliza bila mkono kurudi kutetemeka. Kwa hiyo mama, hili ni la kwenda kurekebishiwa, usiambiwe ulivumilie.

Halafu kuna kitu kinachoendana na hizo saa za mezani kwako. Kile kiini kazi yake mojawapo ni kumfanya mtu asite pale jambo linapovutana pande mbili. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionesha kwamba wagonjwa wenye mashine iliyowashwa, wakipewa uchaguzi mgumu, walikuwa wanaamua haraka badala ya kujipa muda. Fundi saa anaishi kwa kule kusita. Ukimwondolea, mkono unabaki na ufundi wote lakini kazi haimaliziki.

Niambie anameza dawa gani sasa, na baada ya operesheni ipi ilipunguzwa.

MzeeWaPangani

Poleni bibie. Mimi naheshimu hospitali, ila nadhani vijana wa mjini mnaharakisha kumpasua mtu kichwa. Hapa kwetu yupo mzee wa mitishamba anasaga mbegu za upupu, anawapa wenye kutetemeka, na nimeona kwa macho yangu mtu akishika kikombe. Mngeanzia huko. Hata sasa hamjachelewa, apewe upupu, mashine izimwe taratibu, na asomewe dua. Dua haigombani na dawa.

MamaWaTandika

Ahsante kaka yangu wa Pangani, dua tunasoma kila Alhamisi na sitaiacha.

Mwanangu mfamasia, marahaba. Nimekusanya maboksi yote. Levodopa anameza kidogo kuliko zamani, hiyo India waliipunguza. Kuna nyingine inaitwa pramipeksoli, mara tatu kwa siku, alianza nayo kabla ya operesheni na anaendelea nayo vilevile. Hiyo hakuna aliyeigusa.

MfamasiaTemeke

Mama, hiyo pramipeksoli ndiyo ya kwenda kuiulizia kesho asubuhi.

Iko kwenye kundi la dawa zinazoiga kazi ya dopamini, ile kemikali ya ubongoni inayopungua kwa mgonjwa wa Parkinson, pamoja na ropiniroli. Ni dawa nzuri kwa wengi, ila ina tabia hii inayojulikana: inaweza kumtia mtu tamaa isiyozuilika ya kubeti, kununua, kula, au tendo la ndoa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010 uliohusisha wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada uliona angalau moja ya tabia hizo kwa asilimia 17.1 ya wanaotumia kundi hilo la dawa, na asilimia 6.9 kwa wasiotumia. Na ule ufunguaji wa saa bila kumaliza nao unajulikana kwa wagonjwa wa Parkinson wanaopata dawa nyingi za dopamini. Mtu hurudia kazi anayoijua mkono wake: huyu anafungua redio, huyu anapanga misumari, na ukimzuia anakasirika. Wifi yako umwambie kwa heshima kwamba lina maelezo yake hospitali.

Madaktari wengi hupunguza dawa baada ya mashine kuanza kufanya kazi, ila hupunguzwa polepole na kwa kuangaliwa. Pramipeksoli ikikatwa ghafla mtu hupata wasiwasi mkubwa, jasho, huzuni nzito, na hapo mtajuta zaidi. Sasa hivi mumeo ana vitu viwili vinavyomsukuma upande mmoja: dawa ileile, na umeme juu yake.

Mzee wa Pangani, shikamoo. Ulichokiona ni kweli na kina sababu. Mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, ambayo ubongoni hugeuka dopamini, ndiyo maana kikombe kilitulia. Lakini kwa sababu hiyohiyo mgonjwa huyu asipewe sasa. Ni kumwongezea dopamini mtu ambaye tayari imemzidi, tena kwa kipimo ambacho hakuna anayekijua, kwani kijiko cha leo na cha kesho havilingani. Na habari ya mashine kuzimwa, nakuomba uifute kwenye ushauri wako mzee wangu.

BintiWaKigamboni

Shikamoo mama, pole. Sisi yalitukuta kinyume chake, nayaandika ili ujue mizani inaweza kulala upande wa pili pia, hasa wakianza kumpunguzia dawa.

Baba yangu alifanyiwa operesheni hiyohiyo. Dawa zilipunguzwa nyingi kwa muda mfupi. Mikono safi, anatembea mpaka Feri na kurudi. Lakini akazimika ndani. Anakaa barazani tangu asubuhi, ukimletea chai anakunywa, usipomletea haulizi. Yanga ikifunga hainui hata kichwa, na huyu ni mtu aliyekuwa hagusi chakula hata kikiwa mezani siku Simba imeshinda. Tulidhani ana huzuni. Daktari alimkalisha, akamuuliza sana, akasema hana huzuni, amepoteza ari, na inatokea pale dopamini inaposhushwa haraka. Waliirudisha dawa kidogo. Ilichukua muda, lakini siku alipogombana na kaka yangu juu ya mwamuzi, mama alipiga vigelegele jikoni.

Mambo ninayokuomba ufanye. Andika kwenye daftari anavyokuwa na saa alizomeza dawa, siku kadhaa mfululizo, usitegemee kumbukumbu, maana mbele ya daktari wazee hawa wanakaa wima na kujibu vizuri, wewe unaonekana mzushi. Mchukue video, naye ajue unamchukua. Pesa msimnyang'anye kwa siri. Sisi tulikaa kikao na baba akakubali laini yake ya pesa ikae kwa dada mpaka dawa zitulie. Ulizeni India kama mashine yenu ni ya aina inayorekebishika kwa mbali kupitia intaneti, zipo siku hizi, itawaokolea nauli. Kama si hiyo, waulize ni nani aliye karibu anayeweza kuiseti.

Na hili halipo kwenye swali lako ila sitaki lipite. Akienda mazoezi ya viungo, waambie mapema ana waya kichwani. Kuna mashine za kupasha misuli joto kwa mawimbi ya umeme ambazo haziruhusiwi kabisa kwa mtu mwenye nyaya hizi, zinaweza kuunguza ubongo pale waya ulipo. Baba alishalazwa kitandani tayari kuwekewa, mama ndiye aliyekimbilia kuwaonesha kadi.

La mwisho, ulizia pia upande wa huzuni. Watu wengine mwaka wa kwanza baada ya operesheni hupatwa na mawazo ya kujidhuru, hata ambao mwili umepona. Anayefurahi leo aulizwe na kesho.

MwalimuMstaafu_Ubungo

Shemeji, mimi ndiye mwenye waya. Wengine humu wanasema kuhusu baba zao, acha nimsemee mumeo kidogo, kisha nitakusemea na wewe.

Mgonjwa wa Parkinson anaishi kwa kuomba. Nifungie vifungo. Nitilie chai nusu kikombe. Nisubirini. Miaka inapita hivyo, na ndani bado wewe ni yuleyule uliyesimama mbele ya darasa la watoto sitini. Siku mikono inarudi, unataka yote kwa pamoja. Mimi na mke wangu tuligombana mezani kwa sababu alizoea kunikatia nyama na hakuacha. Alinikatia mkono wangu ukiwa mzima, mbele ya wajukuu. Kwa hiyo shemeji, usiweke kila badiliko kwenye fungu la ugonjwa. Kutaka kurudi Kariakoo si ugonjwa. Kuongea zaidi, pengine naye alikuwa na ya kusema. Kuchukua pesa ya kikoba bila haya, hilo ni jambo jingine, na kama ni mtu niliyemwelewa kutokana na maelezo yako, yeye mwenyewe wa zamani angelikataa.

Nami nilizidi. Nilichokizidisha ni safari: nilikuwa napanda daladala yoyote inayokuja, nashuka mwisho wa kituo, napanda nyingine, narudi usiku. Nilimwambia mwanangu nitafungua shule Bagamoyo, nikamlipa dalali. Kwa ndani unajua inavyokuwa? Huoni kama umezidi. Unaona wenzako ndio wamekuwa wazito, wanakuvuta shati. Mke wangu akilia niliona anadeka. Kilichonifungua ni video. Daktari alinionesha mwenyewe nikiongea, nikawatafuta wengine chumbani nione kama wanamwona mtu yule ninayemwona mimi.

Walipopunguza umeme sikufurahi, nataka ulijue hilo mapema. Kwa muda niliona nimenyang'anywa kitu. Mumeo naye anaweza kukukasirikia kwa kumtuliza. Usichukulie kama hakupendi.

Nilisoma sana baada ya hapo. Hii tiba ilianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa daktari Alim-Louis Benabid na wenzake, na kwa muda mrefu watu walipima mikono na miguu tu. Mwaka 2006 madaktari wa Paris wakachapisha mahojiano na wagonjwa 29 kabla na baada ya operesheni. Mwendo ulikuwa umepona vizuri sana, lakini wengi walisema hawajitambui, na ndoa nyingi ziliingia kwenye misukosuko. Kwa hiyo wewe na mume wako hamjaanza ninyi, na si kwa sababu mmekosa shukrani.

Kuna kisa kimoja cha Uholanzi cha mwaka 2004 ambacho hakinitoki. Mwanaume wa miaka 62, mashine ikiwashwa anachangamka kupindukia, madeni yamejaa, hakubali kama ana shida. Ikizimwa, akili inatulia lakini hawezi kutoka kitandani. Walijaribu kumpatia katikati wakashindwa. Wakamuuliza mashine ikiwa imezimwa, akiwa na akili yake timamu, unachagua nini? Akachagua iwashwe, akaishi hospitali ya magonjwa ya akili. Wengi hawafiki huko, kwa wengi katikati hupatikana. Lakini angalia walivyofanya: walimuuliza yeye, wakati akili imetulia. Nasi tulifanya kitu cha namna hiyo. Baada ya kurekebishwa nilikaa na mke wangu tukaandika karatasi, nikaweka saini: nikikesha usiku tatu mfululizo, au nikitoa pesa inayozidi kiasi fulani bila kumwambia, ana ruhusa yangu kumpigia daktari hata nikimkataza. Niliiandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mkubwa unaosomeka, ambao nao mashine ndiyo iliyonirudishia.

MamaWaTandika

Nimerudi baada ya wiki kadhaa, samahanini kwa kimya. Nimeyasoma yote na mengine nimemsomea yeye.

Tulikwenda kliniki Muhimbili, mimi, yeye na mkwe wetu yuleyule aliyetukanwa, ambaye ndiye aliyeendesha gari. Nilikuwa nimebeba daftari kama alivyonishauri Binti wa Kigamboni. Daktari hakuanza na daftari langu. Alimgeukia mume wangu akamuuliza moja kwa moja, baba unabeti? Akajibu ndiyo. Kiasi gani kwa wiki? Akakitaja. Wanangu, kilikuwa kikubwa kuliko nilichokuwa nakijua, na alikitaja bila kusita, macho makavu. Daktari akaandika. Halafu akamuuliza, kabla ya Parkinson uliwahi kubeti? Hapo mume wangu alikaa kimya muda mrefu, namna ile yake ya zamani, akasema hapana, baba yangu angenilaani.

Pramipeksoli inapunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba waliyotuandikia. Walituunganisha pia na idara ya afya ya akili palepale, na mume wangu alinuna lakini akaingia. India tumewasiliana nao kwa simu ya video. Wamesema dawa ishuke kwanza kabla hawajagusa umeme, wasibadili viwili kwa wakati mmoja halafu wasijue kipi kimeleta nafuu. Mashine yetu si ya kurekebishwa kwa mbali, kwa hiyo ikibidi tutasafiri tena, na sijui pesa itatoka wapi ila hilo ni la baadaye.

Hali ilivyo leo: analala mpaka karibu na alfajiri. Chumbani kuna utulivu kidogo. Simu ya pesa iko kwa binti. Siku ya kwanza alikubali, siku ya pili akaidai kwa matusi, ya tatu akaomba radhi, tunakwenda hivyo. Kubeti hajaacha kabisa, anaazima simu za vijana pale Kariakoo na nimewafuata mmoja mmoja kuwaeleza kwamba mzee anaumwa, wasimpe. Mezani saa bado zimejaa. Ile ya mama yangu nimemwomba airudishe kabla ya nyingine zote, akasema sawa, na ameanza kuikusanya kwenye kisosi chake peke yake. Hajaifunga.

Shemeji Mwalimu, maneno yako ya kukatiwa nyama yaliniuma kwa sababu mimi bado namfungia vifungo vya kanzu Ijumaa na vidole vyake vizima. Nimeacha. Nilimsomea pia kisa cha yule Mholanzi. Akauliza, na huyo mwalimu wenu, yeye kweli ana waya kichwani au anahadithia tu? Nikaona nikuombe jambo. Madaktari anawasikia, mimi ananisikia nusu. Mtu mwenye betri kifuani kama yeye hajawahi kukaa naye. Kama afya yako inaruhusu, uje Kariakoo siku moja mzungumze wanaume wawili. Ile karatasi yenu ningependa aione kwako, isitoke kwangu. Nauli nitatuma.

MwalimuMstaafu_Ubungo

Nauli iache shemeji, mwendokasi unanifikisha. Nitakuja Jumamosi kabla ya adhuhuri, na karatasi nitaibeba.

Ombi moja: usimwambie nakuja kutengeneza saa. Mwambie wazi nakuja kuzungumza habari za mashine na za kubeti, akikataa nisije, akikubali nijue amekubali yeye. Kisha niandikie inboksi kimeza chake kipo upande gani wa Msimbazi.